Mgonjwa Aje na Mlango Wake

Chumba changu cha kazi ndicho chenye baridi kuliko vyote hospitalini, na hilo ndilo lililoniharibia kazi.

Ninapima moyo kwa kipimo cha eko. Mgonjwa anavua nguo za juu, analala kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Mimi nakaa nyuma yake, napitisha mkono juu ya mbavu zake na kugandamiza kipimio chenye jeli chini ya titi, huku macho yangu yakiwa kwenye skrini. Watu wakisikia kwamba kijana wa kiume anapima wanawake vifua, wananitazama kwa namna fulani, na mimi, ambaye hata salamu ya asubuhi naipitia kichwani mara kadhaa kabla ya kuitoa, najikuta naeleza kuliko nilivyoulizwa. Ukweli ni kwamba mimi namwona mgonjwa kisogo. Anayemwona kifua ni mlango.

Kitanda kinatazama mlango kwa sababu soketi pekee inayofanya kazi iko kwenye ukuta ule mmoja. Palikuwa na pazia. Lilichukuliwa kwenda kupamba chumba cha mapumziko siku tulipopata ugeni mkubwa. Ugeni uliondoka na pazia halikurudi. Ufunguo wa mlango hauonekani, komeo halipo. Na kwa kuwa mashine haivumilii joto, kiyoyozi kinawaka kutwa, ndani ya mji ambao mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, hata ukuta unatoa jasho.

Kwa hiyo watumishi wenzangu wanaingia. Wa ugavi anaingia kupumua kidogo. Wa uhasibu anaingia kuchaji simu, kwa sababu, anavyosema, simu ikichajiwa kwenye joto inakufa. Katoni za maji ya vikao zinapangwa chini ya dirisha langu. Wakati fulani nilikuta mfuko wa pweza nyuma ya mashine, na mgonjwa wangu wa kwanza asubuhi ile, mzee mstaarabu wa Mtawanya, alivumilia harufu hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama moyo wake ndio ulikuwa unanuka hivyo.

Nilibandika karatasi mlangoni: Usiingie, kipimo kinaendelea. Siku iyo hiyo mtu alifungua mlango, akachungulia, akaniuliza, "Kipimo kinaendelea?"

Nimekulia Likombe. Wazazi wangu walitoka bara wakaja Mtwara kwa kazi ya bandari, na jambo la kwanza mama yangu alilojifunza kwa majirani, kabla hata ya kujua kupika samaki wao, lilikuwa hodi. Jirani yetu mmoja mlango wake ulikuwa kanga iliyoning'inizwa kwenye kamba. Tulikuwa tunasimama mbele ya kanga ile, tunawaona watoto wa ndani miguu yao chini ya pindo, tunawasikia wakitafuna, lakini tunabisha hodi. Ukibisha mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka. Huulizi kwa nini. Huchungulii. Kanga moja ilitosha kutuzuia kundi zima la watoto wenye njaa. Halafu nikaenda kusoma, nikapata shahada, nikarudi, nikapewa chumba chenye mlango wa mbao ngumu usiomzuia mtu yeyote.

Yule mwanamke alikuja na mumewe. Walitoka upande wa mdomo wa Ruvuma, kwenye mashamba ya mpunga. Kwao ni familia zenye asili ya Msumbiji, na Kiswahili chake kilikuwa na mkazo wa Kimakonde ambao mimi nauonea raha kuusikia. Alikuwa amejifungua miezi michache nyuma. Tangu hapo hawezi kulala chali, analala amekaa, ameegemea ukuta. Miguu imejaa. Akitoka kisimani anapumzika njiani kama bibi kizee, na yeye ni mdogo, nadhani hatupishani sana umri. Daktari wa wodi alimwanzishia vidonge vya kupunguza maji mwilini, akamwandikia eko na kuniambia waziwazi, "Nipatie picha ya huo moyo. Bila picha napapasa tu."

Mume alibaki nje na mtoto. Sista wa kusimama nami hakuwepo, kwa sababu sista tuliyenaye ni mmoja na wodi anazohudumia ni mbili. Nikamweleza mgonjwa kila hatua, pengine kwa maneno mengi mno. Akavua, akajifunga kanga kiunoni, akalala akitazama mlango. Nikambandika vile vibandiko vya waya kifuani, nikapaka jeli, nikaanza kutafuta upenyo kati ya mbavu.

Mlango ukafunguka. Alikuwa wa uhasibu.

"Samahani, kuna mgonjwa," nikasema.

"Endelea tu, mimi siangalii," akasema, akachukua simu yake kwenye soketi, akasimama pale pale kusoma ujumbe.

Mgonjwa hakujifunika. Alimwamkia. "Shikamoo dokta."

"Marahaba," akajibu yule, akatoka.

Marahaba ile ilinichoma, lakini nilikuwa bado nawaza niseme nini mlango ulipofunguka tena. Safari hii alikuwa dereva. Siku ile kulikuwa na hafla ya kumuaga mtumishi anayestaafu, na keki yake, kubwa, yenye maandishi ya "Hongera kwa utumishi uliotukuka," ilikuwa imehifadhiwa juu ya meza yangu tangu asubuhi ili isiyeyuke. Sikuulizwa. Niliikuta.

"Shikamoo dokta," akasema mgonjwa. Nilimsikia akihema kati ya maneno mawili yale. Na hapo nikaona kitu ambacho bado kinanikosesha raha: aliusogeza mkono wake wa kulia juu zaidi, kichwani, ili kifua kionekane vizuri. Alikuwa anamsaidia daktari.

"Marahaba, hujambo," akasema dereva. Akaibeba keki kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa, akauvuta mlango kwa kiwiko. Akauacha wazi, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Watu waliokuwa kwenye benchi la korido wakatazama keki ikipita, halafu wakatazama ndani.

Nikakimbia kuufunga. Niliporudi alikuwa ameketi.

"Yule daktari wa nini?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nimelifikiria hilo sana. Lakini mtu aliyeona keki ikibebwa angeamini uongo gani?

"Si daktari," nikasema. "Ni dereva."

"Na yule wa mwanzo?"

"Wa uhasibu."

Kwao, na kwetu Likombe, na kila mahali ninapopajua, mtu hawezi kuingia alipo mwanamke asiye na nguo bila kubisha hodi isipokuwa awe na haki ya kuingia. Hospitalini mwenye haki hiyo ni daktari. Kwa hiyo kila aliyeingia bila hodi alikuwa daktari. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Waliokosea ni sisi. Alijibandua vibandiko kimoja kimoja, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaifuta jeli kwa ncha ya kanga yake, akavaa.

"Asante, dokta," akasema, na sikujua kama neno lile bado lilikuwa na maana yoyote kwake.

Nilimfuata koridoni, nikamwambia turudi, nitasimama mlangoni mwenyewe. Akaniuliza nikisimama mlangoni nani atapima. Wakaondoka, mume akiwa na mtoto begani, yeye akitembea polepole kwa kushika ukuta.

Mkuu wa kitengo chetu ni mzaliwa wa Mikindani, mtu mzima, mcheshi, si mtu mbaya, na hilo linanisumbua zaidi kuliko kama angekuwa mbaya. Nilimkuta kwenye hafla.

"Mgonjwa kakataa kipimo?" akauliza.

"Hakukataa, mkuu. Aliondoka."

"Kuondoka si ndiyo kukataa? Andika amekataa."

"Aliondoka kwa sababu ya mlango."

"Kijana," akasema, akiniwekea mkono begani, "tukiandika mlango, wakija wakaguzi watauliza mlango. Tukiandika amekataa, hakuna anayemuuliza mtu. Wagonjwa wanakataa kila siku. Kula keki."

Nililetewa kipande kwenye tishu. Sikukila. Kilikaukia kando ya mashine mpaka jioni, kwa ile baridi nzuri.

Amekataa. Nililirudia neno hilo nyumbani nikipiga mswaki, nikalirudia kitandani. Mwanamke ametoka mpakani, amepanda gari na mtoto mchanga na pumzi ya kukopa, amevua nguo mbele ya kijana asiyemjua, amewaamkia wanaume wawili walioingia bila hodi, amejisogeza ili wamwone vizuri. Halafu sisi tunaandika kwamba yeye ndiye aliyekataa. Mimi nilikuwa nimeandika tu kwamba kipimo hakikukamilika, na hata hilo nilikaa nikiwaza litaniletea nini, maana nina mkataba wa muda na hofu yangu haina muda.

Kesho yake nilipeleka dokezo la kuomba komeo. Lilirudi na maelezo kwamba ombi liingizwe kwenye bajeti ijayo. Komeo. Nikaenda dukani Chikongola kununua mwenyewe. Muuzaji akaniuliza, "La chooni au la chumbani?" Nikasimama pale nikifikiri kweli kweli, hadi akanipa la chooni kwa kunihurumia.

Sikulifunga. Nililiweka juu ya meza nyumbani, nikalitazama, nikaanza kuwasikia watu. Yule kijana anajifungia na wake za watu. Nikalibeba kazini, nikamwendea sista wetu, mama wa makamo ambaye miguu yake imevimba kwa kukimbizana na wodi mbili, nikamuuliza ana maoni gani.

"Mdogo wangu," akasema bila kusimama, nikawa natembea naye, "wewe mwanaume, ndani kuna mke wa mtu, mlango una komeo. Hapo hata malaika atakuwa na maswali."

"Na bila komeo?"

"Bila komeo, aibu ni ya mgonjwa. Wamezoea hivyo. Ya mgonjwa haiitiwi kikao."

Nikalirudisha komeo mfukoni. Basi hali ikawa hivi: nikifunga, mimi ni mshukiwa, nisipofunga, yeye yuko sokoni. Na mahali fulani kwenye mashamba ya mpunga alikuwepo mtu analala amekaa, na moyo wake hakuna aliyeuona. Daktari alinipita koridoni mara kadhaa akiniuliza, "Yule mama mwenye mtoto mchanga?" Nikatikisa kichwa. Sista akampigia simu mumewe. Mume akasema mke wake amesema hospitali ya kutazamwa na madereva haendi.

Alirudi na mama yake mzazi. Safari hii hakuweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, na alipoketi kwenye benchi alishikilia ukingo wake kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyevushwa mto mgongoni mwa mama yake enzi za vita vya kwao na hajawahi kurudi. Alishika mfuko wenye ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu. Aliingia yeye kwanza.

"Ndimo humu?" akamuuliza bintiye.

"Ndimo."

Akautazama mlango, si mashine. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena kama mtu anayenunua.

"Komeo?"

"Hakuna, mama," nikasema.

"Ufunguo?"

"Haijulikani uliko."

"Wewe umesoma?"

"Nimesoma."

"Sana?"

"Kiasi."

"Halafu wakakupa nyumba haina komeo." Alinitazama kwa huruma ya kweli, jambo lililonifanya nitake kueleza habari za dokezo, na bajeti, na la chooni na la chumbani. Sikupata nafasi. Alikwisha kukikamata kile kiti cha chuma cha mgonjwa, akakiburuta hadi mlangoni, akaketi, mgongo wake ukiwa umeubana mlango barabara. Akafungua mfuko wake.

"Vua, mwanangu," akamwambia bintiye, akaanza kula.

Mgonjwa akavua. Hakuweza kulala sawasawa, kwa hiyo tuliinua kichwa cha kitanda na kumwekea mito. Nikapaka jeli. Nikauegemeza mkono wangu kwenye ubavu wake.

Mlango ukasukumwa, ukagonga kiti.

"Nani?" akauliza mama.

"Mimi." Ilikuwa sauti ya uhasibu.

"Mimi hayupo humu."

Viatu vikaondoka. Nikaendelea. Picha ya kwanza ilianza kuja, ukungu kwanza, halafu ukuta wa moyo. Nilikuwa nimemwambia mgonjwa atoe pumzi na kuishikilia kadiri awezavyo, mlango uliposukumwa tena, kwa nguvu zaidi.

"Kuna nini hapa? Fungueni." Nikaijua sauti. Katoni za maji ya kikao zilikuwa bado chini ya dirisha.

"Nani?"

"Mkuu wa kitengo."

"Wa hapa?"

"Wa hapa, ndiyo."

"Basi huyu ni mgeni wako," akasema mama, akimenya mng'oko. "Na mgeni wako umemvua nguo. Bisha hodi, baba."

"Kijana, umo humo?"

Nadhani ningeweza kupata jibu refu na zuri kwa swali lile kama ningepewa wiki moja. Lakini vali ya moyo ilikuwa ndiyo kwanza imejitokeza kwenye skrini, ikifunguka na kujifunga, na mgonjwa alikuwa ameshikilia pumzi asiyokuwa nayo ili mimi niione.

"Niko na mgonjwa," nikasema. Sikuongeza samahani.

Nilimfikiria pale koridoni, mtu wa Mikindani, aliyelelewa na mabibi walewale wa kanga mlangoni, watu wa benchi wakimtazama.

"Hodi," akasema.

Mama akatafuna.

"Hodi."

Akaufunga mfuko wake, akaufungua tena, akachagua mng'oko mwingine.

"Hodi," ikaja ya tatu, ndogo kuliko zote.

Hakujibiwa. Nilisikia hatua zake zikirudi zilikotoka, kama zilivyofundishwa.

Bega la mgonjwa likaanza kutikisika chini ya mkono wangu. Nikadhani anazidiwa, nikaacha kila kitu. Alikuwa anacheka, bila sauti, kwa kupumua kidogo kidogo.

"Dada, usicheke," nikamwomba. "Picha inatikisika."

"Mwambie yeye," akasema, akionyesha mlangoni kwa kidevu.

Nilipata picha zote. Chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kimetanuka na kilikuwa kinajikamua kwa uvivu, kama mkono wa mtu aliyechoka kukamua tui. Si kazi yangu kumwambia mgonjwa ninachokiona, na kanuni hiyo naiheshimu, ingawa uso wangu hauiheshimu. Aliniuliza kama moyo upo. Nikaigeuza skrini akautazama mwenyewe kwa muda. Mama yake hakusogea mlangoni. Alisema yeye atauona siku nyingine. Nikaipeleka picha kwa daktari kwa mkono wangu, nikasubiri mpaka aiangalie. Alimlaza siku hiyo hiyo, akambadilishia dawa, akamweleza kwamba moyo huwauma baadhi ya wanawake baada ya kujifungua na kwamba wake una nafasi ya kupata nguvu, mradi dawa zisikatike na kliniki asikose.

Wagonjwa wetu huambiwa waje na glovu. Huambiwa waje na pamba, na beseni, na shuka. Nilikuwa nimezoea. Lakini mgonjwa aje na mlango wake mwenyewe, aupandishe gari kutoka mpakani ukiwa na ming'oko mapajani, hilo sijalizoea na sitaki kulizoea.

Ndani ya juma lilelile, tangazo lilibandikwa nje ya chumba changu. Lilichapwa, likapigwa muhuri, likawekwa ndani ya plastiki ili lisichafuke. Ndugu wa wagonjwa hawaruhusiwi kukaa mlangoni. Kwa komeo, bajeti ijayo. Kwa tangazo, siku chache, na plastiki ilipatikana, na aliyelipigilia alikuja na misumari yake na nyundo. Nilimuuliza kama ana muda wa kunifungia kitu kidogo, nikalitoa la Chikongola mfukoni. Akasema hajaagizwa komeo.

Walirudi kwa kipimo cha marudio, mama na binti. Binti alikuja akitembea, mtoto mgongoni, na maneno yake yakitoka mazima. Analala chali sasa, alisema, karibu kabisa. Mama alisimama mbele ya tangazo.

"Linasemaje?"

Nikamsomea. Niliona aibu kama vile nililiandika mimi.

Akalishika kwa kidole, akaiangalia misumari yake, akauangalia mlango pande zote mbili.

"Wamelibandika nje," akasema. "Mimi nakaa ndani."

Akaingia. Safari hii kiti nilikwishamsogezea mimi mwenyewe.